Gome la Mto Mzinga

Asubuhi ya siku ya tatu ya homa ya mtoto Asia, Salum alipanda mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha Mikidadi. Hakuwa amefanya hivyo tangu arobaini ya marehemu dada yake, mke wa Mikidadi, na Mikidadi alipomwona akitokeza kwenye migomba alijua kuna neno. Aliinuka kumpisha kwenye kigoda, maana kigoda chenyewe kilikuwa kimoja.

"Sikai, shemeji," alisema Salum. "Mtoto amezidiwa. Akitetemeka, kitanda kizima kinalia. Akishikwa na joto, huwezi kumgusa. Tunataka lile gome."

"Homa imemwanza lini?"

"Leo ya tatu."

Siku tatu. Kutoka kibandani pale mpaka nyumba ya binti yake hata mlio wa kinu ulisikika, na mjukuu wake wa pekee alikuwa ameugua siku tatu bila yeye kuambiwa. Mikidadi alimeza hilo kama alivyokuwa amemeza mengine.

"Nitalileta," alisema.

"Leo hii."

"Leo hii."

Salum aligeuka akashuka, na hakusema kwaheri wala ahsante.

Kwa wasiojua mambo ya huku Uluguruni, ni hivi. Ardhi ni ya upande wa mama. Mwanamume huoa akaenda kulima kwa mkewe, akajenga, akachonga matuta kwenye mteremko mpaka mgongo ukapinda, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mke, mwenye kauli juu yao ni mjomba wao. Mke akifa, ukoo wake humpa yule mwanamume maneno mazuri, kuku mmoja, na njia. Hakuna anayeona ubaya. Ndivyo ilivyo, na Mikidadi mwenyewe aliwahi kukaa barazani wanaume wengine wakipewa kuku wao, akala wali wa shughuli, akaona sawa tu.

Chausiku, mkewe, alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Nyumba akapewa binti yao Mwajuma, mwenye mtoto mmoja na mume aliyeshikwa kwenda kulima mkonge wa Mzungu huko bondeni. Mikidadi akahamia kwenye kibanda cha kulindia mahindi, mpakani mwa shamba na msitu, akangoja kuambiwa aende. Hakuambiwa. Kwao hasa, upande wa Mlali, ndui ilikuwa imepita na kubakiza mpwa mmoja asiyemjua hata kwa sura. Basi alikaa. Chakula kililetwa siku walipokumbuka, ndani ya bakuli lililopasuka ukingo, na aliyeleta alilitua mlangoni akaondoka. Kulikuwa na siku alizomaliza bila kutamka neno hata moja, mpaka jioni akaiambia migomba kwamba leo kuna baridi, apate tu kusikia sauti ya mtu.

Walimwacha kwa sababu ya gome. Miaka mitano nyuma, wakati reli ikitoka Morogoro kwenda Kilosa, Chausiku aliugua miezi saba. Alivimba miguu, akashindwa kusimama, waganga wawili wakala mbuzi wao na kwenda zao. Mikidadi akashuka mlima, akapotea siku nne, akarudi na gome la mti alilolipata kando ya Mto Mzinga. Chausiku akalinywa, akapona, akalima tena misimu minne. Tangu hapo ukoo mzima ulikunywa gome la Mikidadi, kwa tumbo, kwa kifua, kwa mimba isiyotulia. Hata Chausiku alipofariki, Mikidadi akiwa ameshikwa kutengeneza barabara ya akida wa Wajerumani, gome halikulaumiwa. Walisema lilichemshwa na mkono mwingine.

Sasa lilitakiwa tena. Mikidadi alichukua panga, akaufunga mlango wake wa matete kwa kamba ingawa ndani hamkuwa na cha kuibwa, akaanza kushuka.

*

Mpaka kwenye mawe ya kuvukia Mzinga ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu wa umri wake. Alifika jua likiwa limesimama. Hakuwa amefika pale kwa miaka mitano, na hilo hakuna aliyelijua. Kila waliposema gome limekwisha, aliwaelekeza vijana mahali, nao wakaenda wenyewe. Yeye alikuwa na visingizio vyake, mara goti, mara palizi.

Aliuona mti walioubambua. Ulikuwa mweupe kama mfupa kutoka kwenye mizizi mpaka juu ya kimo cha mtu, matawi yamekauka, majani yaliyobaki yanahesabika. Watu wa ukoo wa mkewe walikuwa wameumaliza. Mikidadi aliuzunguka mara mbili.

Haukuwa mti wake.

Ule aliobambua yeye ulikuwa ng'ambo ya pili, karibu na jiwe pana, kwa sababu siku ile alikuwa anatoka mjini na alikuwa bado hajavuka. Hilo alilikumbuka vizuri. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lile mpaka miguu ikafa ganzi. Vijana walikuwa wameambiwa "kivukoni", wakabambua mti wa upande wa kwao. Alivuka maji akaenda kutazama. Jiwe lilikuwapo. Miti karibu yake ilikuwa minne, ya namna tatu tofauti, na hakujua ni upi. Alipapasa magome yake kutafuta kovu la zamani. Kwenye miti miwili aliona makovu, na huenda yote mawili yalikuwa ya ngedere au ya mafuriko.

Kwa hiyo watu walikuwa wamekunywa maji ya mti mmoja kwa miaka mitano wakipona na kushukuru, na mti wenyewe sio. Mwingine angecheka. Mikidadi alikaa kwenye lile jiwe akaona aibu peke yake, na aibu ya peke yako ni mbaya kwa kuwa hakuna wa kukwambia basi, yatosha. Alijua la kufanya. Alitakiwa kurudi mikono mitupu na kusema kweli. Lakini aliwaza bakuli lile lililopasuka, akawaza kwamba hata hilo halitaletwa tena, akawaza njia ya Mlali na yule mpwa asiyemjua.

Akasimama akabambua mti wa kwanza uliokuwa karibu na mkono.

*

Gome lilichemshwa na Mwaisha, dada mkubwa wa marehemu, kikongwe mwenye mdomo lakini asiye na roho mbaya. Mikidadi aliruhusiwa kuingia ndani kwa kuwa yeye ndiye mwenye dawa. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga mle tangu msiba. Mahali alipokuwa akitundika jembe lake palitundikwa ungo. Asia alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mdomo umekauka, miaka yake mitatu yote imekaa kwenye mbavu.

"Babu," alisema mtoto.

"Naam, mama."

Mwajuma alimwinua kichwa akamnywesha. Mtoto alikunja uso, akanywa, akatapika. Akanyweshwa tena.

"Inafanya kazi hiyo," alisema Mwaisha. "Inatoa uchafu."

Kesho yake asubuhi Asia hakumjua mama yake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumshika mtu. Alikuwa ameinamishwa shingo kwenye mkono wa Mwajuma, anapumua haraka haraka kama kuku aliyefukuzwa juani. Walikuwa wamekusanyika uani, Salum kwenye kiti chake, Mwaisha jikoni na chungu, Mikidadi kwenye ukuta, karibu na mlango, mahali pa mtu anayeweza kuondoka bila kupisha wengine.

"Mjomba," alisema Mwajuma, "naomba ruhusa nimpeleke mjini. Wanasema kwa Wajerumani kuna dawa nyeupe ya homa. Mtoto wa kina Felista, jirani zetu, alipewa, akapona."

"Mjini wanashika watu," alisema Salum. "Hata mumeo tumemwona lini? Nikitoa vijana wawili wakubebee mtoto, askari wa akida watawafunga kamba kabla hamjafika Mafiga. Na dawa si hii hapa? Ilimwinua mama yako akiwa maiti."

"Haijamsaidia."

"Imeanza jana tu. Mama yako alikunywa siku kumi. Dada, mpe tena."

Mwaisha alikuja na kata inayofuka moshi. Mikidadi alimwona Mwajuma anaipokea. Alikuwa binti mtiifu, hakuwa na kauli juu ya mtoto wake mwenyewe, na alikuwa anamwamini baba yake. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

"Usimpe," alisema Mikidadi.

Wote wakamtazama. Ilikuwa miezi minane hajasema neno kwenye ua ule pasipo kuulizwa.

"Hilo gome si dawa. Mpelekeni mjini."

Salum aliguna. "Shemeji, kama umeudhika kwa sababu hatukukuita mapema, sema umeudhika. Usimlipizie mtoto."

"Sijaudhika. Nimesema si dawa."

"Basi umeleta la mti mwingine?"

"Hata huo wenu ulikuwa mwingine. Mmebambua mti wa upande huu, mimi nilibambua wa upande ule."

"Ah, sasa tunasema." Salum akageuka kwenye kiti. "Kumbe upo upande ule. Haya, nenda ukalete wenyewe, maneno yaishe."

"Siujui."

"Huujui?"

"Siujui ni upi. Nilibambua uliokuwa karibu."

"Lakini Chausiku alipona!"

"Alipona."

"Sasa?"

Mikidadi aliona hawataachia. Hakuna anayekubali kunyang'anywa dawa kwa maneno matatu, na mtu aliyewahi kuona maiti ikiamka atakuambia mti upo, utafute vizuri. Wangemtuma Mzinga, angerudi jioni, wangechemsha mti wa pili, kesho wa tatu, na mtoto angekwisha mikononi mwao wakiwa na imani tele. Kulikuwa na njia moja tu ya kuliua gome, na ilikuwa lazima aingie yeye mwenyewe kaburini nalo. Alitamani mtu yeyote amwambie kaa kimya, lakini hakuna aliyemwambia.

"Sikwenda kutafuta dawa," alisema.

"Ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa nakimbia."

*

Alisimulia akitazama miguu yake. Hakuwa msemaji, na siku hiyo wala hakujaribu kuwa msemaji.

"Miezi saba nilimhudumia peke yangu. Silaumu, kila mtu alikuwa na shamba lake. Nilipika. Niliteka maji. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza mpaka nimalize kujaza mtungi, halafu nikipanda kilima nasikia wanacheka. Nilimwosha, nikamgeuza. Nilifua vitambaa vyake, mimi mwanamume. Mwanzoni alikuwa ananishukuru, halafu akaacha, anatazama dari tu. Ikafika siku nikimwona amefumba macho naomba asifumbue. Mungu anisamehe. Naomba asifumbue, tupumzike wote. Siku ile asubuhi nilimwambia, nakwenda kutafuta dawa. Akasema, nenda salama. Nilikuwa nimekata tamaa, jamani. Sikuwa na nia ya kurudi."

Mwajuma aliweka kata chini.

"Nikashuka mjini. Pale Mwembesongo kulikuwa na kambi, wanaandikisha watu wa reli ya kwenda Kilosa na mbele. Unapanda gari la moshi, unakwenda, huulizwi ulikotoka. Nikalala kambini siku tatu kungoja zamu. Nililala usingizi mzuri. Hilo nalo lazima niliseme, nililala vizuri kuliko miezi yote saba. Siku ya nne nikafika mbele ya karani. Akaniuliza jina nikamwambia. Kabila nikamwambia. Halafu akaniuliza, ukifa huko, habari apelekewe nani?"

Alifuta vumbi la mguu mmoja kwa mwingine.

"Nikafikiri. Mama amekufa, ndugu wamekufa. Nikamwambia, Chausiku. Akaandika. Akanisomea aone kama amepata sawa: huyu akifa, aarifiwe Chausiku. Lile jina kwenye mdomo wa mtu asiyemjua... sijui niseme nini. Nikawaza watampelekea habari mtu niliyemwacha afe. Miguu ikakataa. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilimwambia karani nakwenda haja ndogo, nikatoka, nikapita nyuma ya mahema, nikaondoka. Nilipofika Mzinga nikakumbuka nilisema nakwenda kutafuta dawa, na sina dawa. Nikakaa. Nikabambua mti. Ndiyo hilo gome. Hakuna lingine."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya uchanja wa vyombo. Mwajuma alikuwa hajabadilika uso, ila kata ilikuwa imelala kwenye mchanga na maji ya gome yameshanywea.

"Miaka mitano," alisema Salum taratibu, "tunakuita mwanamume mwenzetu. Nimewasimulia wakwe zangu habari zako. Nimesema, tazameni, mwanamume ni shemeji yangu Mikidadi, alikwenda siku nne kumtafutia mkewe uzima. Kumbe unatucheka."

"Sikucheka hata siku moja."

"Ungekuwa umepewa kuku wako zamani." Salum akasimama. "Nisikukute hapa tena."

"Sawa," alisema Mikidadi. "Mtoto je?"

Mwajuma alikuwa ameshasimama. Alikuwa anamfunga Asia mgongoni kwa kaniki, anavuta fundo kwa meno. Hakuomba ruhusa mara ya pili.

"Vijana wangu siwatoi," alisema Salum, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Nani atakusindikiza?"

"Mimi," alisema Mikidadi. "Wakinishika mimi hamna hasara."

*

Mwajuma alitangulia. Mikidadi alifuata nyuma hatua kumi, akiwa na kibuyu cha maji, panga na jembe lake, mali yake yote. Hakuitwa wala hakufukuzwa. Njia ya kushuka ina mahali inapokuwa jabali tupu, utelezi wa kijito, na hapo Mwajuma aliteleza akaanguka kwa goti akishikilia mtoto. Damu ikatoka. Mikidadi aliteremka akageuka, akachutama akampa mgongo. Binti yake alihema, kisha akafungua kaniki akamhamishia mtoto. Joto la Asia lilipenya shati la Mikidadi. Alimbeba mpaka mjini, na kila alipohisi pumzi kwenye shingo yake alihesabu kwamba bado.

Penye dawa palikuwa nyuma ya boma, nyumba ndefu ya mabati. Askari mlangoni alimtazama Mikidadi toka juu hadi chini, miguu ya kupinda, kifua cha kuingia ndani, akageuza uso. Hata wa kukamatwa hakufaa. Waliambiwa wakae juani, wakakaa juani, mpaka jina la mtoto likaitwa na msaidizi wa daktari, kijana wa pwani aitwaye Fransisko, ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo kama imekatwa kwa kisu.

"Siku ngapi?"

"Ya nne," alisema Mwajuma.

"Siku nne mlikuwa mnampa nini?"

Mwajuma alimfuta mtoto jasho. Mikidadi akasema, "Gome la mti."

"Mti gani?"

"Hatuujui."

Fransisko alitikisa kichwa kama watu wa mjini wanavyotikisa wakiwaona watu wa mlimani, akakoroga unga mweupe kwenye maji. Asia aliukunjia uso ule ule. Fransisko, kwa kutaka kuonyesha anajua, akasema hata dawa hiyo hutengenezwa kwa gome, ila la mti wa nchi za mbali huko. Mikidadi aliona heri asingeambiwa.

"Mrudisheni asubuhi na jioni. Siku tatu."

Walikaa siku tatu kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, Noorali, ambaye hakuwakaribisha wala hakuwafukuza. Mkewe Khatija alitoa uji wa mchele mara mbili, akampa Mwajuma mkononi. Mwajuma alimlisha mtoto, akala kidogo, kilichobaki akakisogeza kwenye baraza mahali ambapo mkono wa baba yake ungefika, akatazama pengine. Wakati wa kupeleka mtoto kwenye dawa alimpa ambebe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Mikidadi alizoea kukaa bila kusemeshwa, lakini hakuwa amewahi kukaa bila kusemeshwa na mtu aliye karibu kiasi cha kumgusa, na alikuta huu ni upweke mwingine kabisa, mzito kuliko ule wa kibandani. Mara kadhaa alifungua mdomo aombe msamaha. Aliona msamaha wenyewe ungekuwa wa kumwomba Chausiku, akaufumba.

Siku ya pili joto lilishuka likapanda. Siku ya tatu lilishuka likakaa huko huko. Mchana wake Asia aliketi, akatazama watu wanaopita na mizigo kichwani, akasema anataka ndizi.

"Anataka ndizi," alisema Mikidadi, kwa kujisahau.

Mwajuma alicheka, machozi yakamtoka, akajifuta na ncha ya kaniki. Akaenda kutafuta ndizi kwa wachuuzi, akarudi nayo, na mtoto akala nusu. Kisha akaanza kufunga vitu. Mlimani walikuwa wanangoja habari, na mahindi yalikuwa yanangoja palizi. Mikidadi aliinuka pia, akashika jembe, kisha akakumbuka kwamba njia ile si yake tena. Akakaa.

"Utakwenda Mlali?" aliuliza Mwajuma. Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu watoke uani.

"Nitakwenda. Kuna mpwa."

"Anakujua?"

"Nitamwambia mimi nani."

Mwajuma alimweka Asia mgongoni, akapitisha kaniki, akafunga fundo. Akalifungua akalifunga tena, ingawa la kwanza lilikuwa zuri tu.

"Baba."

"Naam."

"Siku zile nne mama hakula." Alisema akitazama barabara. "Mimi ndiye niliyekuwa nampikia uji. Nikimpelekea anafunika bakuli, anasema liweke hapo, nitakula na baba yako akirudi. Nikimbembeleza ananiambia, baba yako yuko njiani huko, hajatia kitu mdomoni, mimi nitakulaje? Siku ya nne alikuwa hawezi hata kuinua mkono. Uliporudi ndipo akala. Ulikula naye. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikawaona."

Mikidadi alikumbuka. Uji wa mtama, umeshapoa. Chausiku alikuwa amesogeza bakuli katikati yao kwa vidole viwili, akamwambia anza wewe, na yeye alianza kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumaliza uongo wake wa gome.

Binti yake alikuwa bado amesimama. Mikidadi angeweza kumwacha aende hivyo, na kumbukumbu ile ya mama yake ikiwa nzima. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli, na hakuona pa kuishia.

"Nilikuwa nakula," alisema. "Kambini walitupikia wali kila jioni. Nilikula siku zote, mwanangu. Nilikula nikashiba."

Mwajuma alisikia. Alimvuta mtoto juu mgongoni, akashika njia ya mlimani. Asia alikuwa amegeuza kichwa, anatafuna, anamtazama babu yake akibaki nyuma kwenye baraza ya Mhindi, mpaka nyumba za mwisho zikawaziba.